Kabla ya Mvua ya Oktoba, Nani Atakukopesha?



Kila mwaka ikifika mwezi wa nane, simu yangu hubadilika. Maswali ya viwavi na ukungu yanapungua, yanaingia maswali ya pesa. "Afisa, unajua mahali naweza pata elfu thelathini haraka?" Haraka. Hilo neno halikosi. Mvua ya Oktoba iko karibu, mbegu haijanunuliwa, trekta inataka malipo mbele, na mfukoni hakuna kitu.

Mimi si mtu wa benki. Kazi yangu ni udongo, mbegu na wadudu. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kuzunguka wadi hizi za Makueni kwa pikipiki, nimeona mashamba mengi ya vijana yakifa kwa sababu ya mkopo kuliko kwa sababu ya wadudu. Kwa hivyo leo tuache dawa kidogo, tuongee pesa: nani anakopesha huku kwetu, kwa bei gani, na nani wa kuepuka.

Nianze na kijana mmoja wa upande wa Kibwezi. Ana miaka 26, mchapakazi kweli. Alikuwa na nusu ekari ya kukodi karibu na mto, akaamua kupanda nyanya. Pampu alikuwa nayo, aliinunua kwa akiba yake, elfu ishirini na mbili. Kilichobaki ni miche, mbolea, dawa na vibarua. Akachukua mikopo mitatu kwenye simu, jumla elfu thelathini na nane, yote ya kulipwa ndani ya siku 30.

Sasa hesabu nami. Nyanya kutoka siku ya kuhamisha miche mpaka uanze kuchuma ni kama siku 75 hadi 90. Siku ya 30, nyanya zake ndizo zilikuwa zinaanza kutoa maua, na simu ilikuwa inalia kuanzia asubuhi. Akakopa mmoja kulipa mwingine. Siku ya 50 akauza pampu kwa elfu kumi na nne ili anyamazishe mmoja wao. Bila pampu akawa anamwagilia kwa ndoo yeye na mdogo wake. Nilipofika pale, zaidi ya nusu ya mimea ilikuwa imekauka, na ile iliyobaki ilikuwa imeoza kitako kwa sababu ya maji kuja leo na kukosa kesho.

Aliniuliza, "Afisa, nilikosea dawa gani?" Hakukosea dawa. Alichukua pesa ya mwezi mmoja akaipanda kwenye zao la miezi mitatu.

Kalenda kwanza, riba baadaye

Vijana wengi wakisikia mkopo wanauliza riba ni ngapi. Ni swali zuri, lakini kwangu ni la pili. La kwanza ni: naanza kulipa lini? Ndengu inakomaa kati ya siku 60 na 90 kulingana na aina. Embe kutoka maua hadi kuchuma ni kama miezi minne. Kuku wa mayai hawezi kukupa hata yai moja kabla ya wiki ya 18 au zaidi. Kuku wa nyama ndiye peke yake anayeweza kukimbizana na mkopo wa mwezi mmoja na nusu, na hata yeye anakimbia akihema.

Kwa hivyo kabla uende kwa mtu yeyote, chukua karatasi uandike tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna, halafu ongeza wiki mbili za kutafuta mnunuzi na kusubiri alipe. Mkopo wowote unaotaka pesa kabla ya hiyo tarehe, lazima ujue utaulipa na nini. Ukiwa na maziwa ya kila siku au boda inayoleta kitu jioni, sawa. Kama huna, huo mkopo si wa shamba lako hata kama riba ni sifuri.

Sasa twende kwa riba. Chukua elfu ishirini unayohitaji kwa miezi minne. Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 utakula 1,500 kila mwezi ukiuzungusha, hivyo miezi minne ni 6,000. Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi, hata kama hujapunguza deni mpaka mwisho, ni 800. Elfu ishirini ni zile zile, mbegu ni ile ile.

Na kuna mtego mwingine ambao hata walimu huingia. Uliza kama riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wote wa mwanzo. Tuseme umekopa 60,000 kwa mwaka mmoja, asilimia 1.5 kwa mwezi, unarudisha 5,000 kila mwezi pamoja na riba. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, riba yote ya mwaka ni 5,850. Ikihesabiwa juu ya ile 60,000 mpaka mwezi wa mwisho, ni 10,800. Kwenye bango la barabarani zote mbili zimeandikwa "1.5%". Karani akishindwa kukuambia ni ipi, mwombe akuandikie jumla ya pesa utakayokuwa umelipa siku ya mwisho. Hiyo namba haiwezi kukudanganya.

Chama cha kijijini

Huku kwetu mkopeshaji wa karibu zaidi hana ofisi. Ni watu kumi na tano chini ya mwembe, Jumapili baada ya kanisa, na daftari. Kila mtu anaweka hisa, pesa zinahesabiwa mbele ya wote, wenye shida wanakopa palepale, na mwisho wa mwaka riba inagawanywa kwa wenye hisa. Mtindo wa sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu tofauti, ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Siku hizi vikundi vingi vimehamisha sanduku kwenye M-Pesa, lakini akili ni ile ile.

Uzuri wa chama ni kwamba hakiulizi cheti cha shamba. Kinakuuliza wewe ni mtoto wa nani na mwaka jana ulilipa vipi. Kwa kijana asiye na dhamana, huo ni mlango mkubwa.

Lakini msinielewe vibaya, chama si mkopo rahisi. Vingi hapa vinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Elfu ishirini kwa miezi minne ni riba ya elfu nane. Mnajifariji kwamba riba inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mwaka, na ni kweli, lakini inarudi kulingana na hisa. Mwenye hisa chache anayekopa sana ndiye anayemlipia sherehe ya Desemba mwenye hisa nyingi asiyekopa. Pigeni kura kwenye kikao, wekeni riba ndogo kwa mkopo wa msimu, labda asilimia 2 au 3 kwa mwezi, ilipwe baada ya mavuno. Nimeona kikundi kimoja upande wa Mbooni kikifanya hivyo na sanduku halikufa.

Kuna jambo lingine ambalo nililiona kwa macho yangu na bado linaniuma. Mvua ya Oktoba hadi Desemba 2021 ilifeli. Kulikuwa na chama cha vijana niliyekuwa nawafundisha mimi mwenyewe, wote wakulima wa ndengu, wote walikopa kwenye sanduku mwezi mmoja kununua mbegu. Mimi ndiye niliwapigia makofi. Ndengu ilichanua kidogo ikakauka. Hakuna aliyevuna, kwa hivyo hakuna aliyeweza kulipa, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Sanduku lilikuwa na karatasi tu za madeni. Walivunjika kufika Machi, na wawili wao ambao ni binamu hawaongei mpaka leo.

Siku hizi nikialikwa kuanzisha kikundi, swali langu la kwanza ni nani hapa halimi. Mtafuteni mwenye boda, fundi wa nguo, mwenye kibanda cha chakula, mwalimu wa chekechea. Mvua ikikataa, hao bado wataleta hisa na sanduku litapumua. Wakulima watupu kwenye chama kimoja ni kama kupanda zao moja shamba zima.

Na mjiandikishe. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na kazi hiyo inafanyika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Bila cheti, ile milango ya serikali nitakayotaja hapa chini imefungwa, na mwekahazina akihama na pesa hamna hata karatasi ya kupeleka kwa polisi.

Sacco, na deni ambalo halikuwa langu

Sacco ndiyo ningependa kila kijana anayelima kibiashara awe nayo. Kwa kawaida unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako. Yaani ukitaka laki moja na nusu ya mifereji ya matone mwaka ujao, anza kuweka leo. Hakuna njia ya mkato, na mtu akikuahidi mkopo mkubwa bila akiba ila "ada ya usajili" kidogo ya kutuma kwa simu, huyo ni mwizi, kata simu.

Sacco zinazopokea amana zina leseni ya SASRA, ambayo hutoa orodha yake kila mwaka. Zile ndogo za vijijini ziko chini ya ofisi ya ushirika ya kaunti. Nenda uliza jina hilo lipo na hesabu zake zilikaguliwa lini. Ni safari ya nusu siku tu.

Shida ya sacco ni wadhamini, na hapa nijitaje mwenyewe. Mwaka 2019 nilimdhamini rafiki. Tulikula naye, tulisoma naye chuo, sikuuliza hata pesa ni za nini. Akalipa miezi mitano, akanyamaza. Sacco ilinitumia barua, kisha ikaanza kukata akiba na mshahara wangu. Miezi kumi na nne nililipa deni la mtu mwingine, na mke wangu alijua kupitia kwa payslipu, si kupitia kwangu. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko pesa.

Kwa hivyo ukiombwa udhamini, uliza shamba liko wapi, ukaone. Na ukiomba udhamini, mpeleke mdhamini wako shambani kabla ya kumpa fomu. Mtu aliyeona miche yako anasaini akiwa na amani, na mvua ikichelewa atakuwa anajua kabla ya sacco.

Pesa za serikali

Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi ni kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, muda siku 14, na asilimia 5 ya unachokopa inawekwa akiba. Riba ni ndogo sana: elfu ishirini kwa wiki mbili ni karibu shilingi 61. Lakini tazama muda tena, siku 14. Hakuna zao nililofundishwa chuoni linalokomaa kwa siku 14 ila sukuma wiki ya jirani. Huo mkopo ni wa mwisho wa msimu, si wa mwanzo. Nyanya ziko tayari, unahitaji kreti na lori la kufika sokoni, mnunuzi analipa baada ya wiki. Hapo unafaa sana. Wengi pia wanaanza na kiwango kidogo, kinapanda ukilipa vizuri.

Hazina ya Uwezo, ya tangu 2013, ni ya vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Haina riba, kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikundi hupewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Hiyo miezi sita ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu inatosha msimu mzima na soko lake. Maombi yanapitia kamati ya eneobunge. Si haraka. Ukiomba Septemba ukitarajia kupanda nayo Oktoba utalia. Omba Februari.

AFC, shirika la fedha za kilimo lililoanzishwa 1963, linaelewa misimu kuliko benki nyingi, lakini mara nyingi litataka dhamana ya ardhi. Na hapo vijana mnagonga ukuta, maana cheti kina jina la mzee, au hata la babu aliyefariki. Nawaambia ukweli: mzee akikataa cheti chake kwenda benki, msimwite mshamba. Ameona majirani wakinadiwa. Pia kisheria si rahisi hivyo, shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuwekwa rehani, na nyumba ya familia inahitaji kibali cha mke au mume. Kwa mkopo wa elfu hamsini, cheti cha ukoo mzima ni dhamana kubwa mno.

Kuna njia nyingine. Tangu sheria ya mali inayohamishika ya 2017, ng'ombe, pampu, pikipiki, hata mazao yanaweza kuwa dhamana, na mkopeshaji anaisajili. Uliza kama wanakubali. Ila ujue ng'ombe akishasajiliwa hivyo, huwezi kumpeleka mnadani Jumamosi ukasahau.

Na kabla ya kukopa ya mbolea, hakikisha umesajiliwa kama mkulima kwa chifu au kwa mwakilishi wa kijiji. Mbolea ya ruzuku ilishuka hadi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023. Ukichukua ya mkopo kwa agroveti bila kuuliza bei ya pesa taslimu, utalipa riba iliyofichwa ndani ya bei. Uliza bei zote mbili, ukisimama palepale kaunta.

Broka wa embe naye ni mkopeshaji

Hii watu wa hapa hawapendi nikisema. Mwezi wa nane au wa tisa broka anakuja, miti ina maua na vitunda kama njegere. Anahesabu, anakupa pesa mkononi. Karo ya shule imelipwa, wewe unashukuru.

Tuseme una miti 40, kila mmoja embe 300. Hizo ni embe 12,000. Anakupa shilingi 4 kwa embe, 48,000. Zikikomaa, bei shambani iwe 9. Ungepata 108,000. Umekopa 48,000 ukalipa 60,000 juu yake, kwa miezi mitatu au minne. Hata shylock wa Wote angeona haya.

Nimpe broka haki yake: yeye amebeba hatari. Inzi wa matunda wakiingia, bei ikianguka, hasara ni yake. Hilo lina thamani. Lakini si la miti 40. Kama shida ni karo ya elfu kumi na mbili, muuzie miti kumi, kwa karatasi, na miti yenyewe ifungwe kamba. Thelathini ibaki yako.

Wa kukimbia

Mtu anayeshika kitambulisho chako, kadi ya benki au cheti cha shamba "kwa usalama" bila mkataba wa kusoma, mkimbie. Programu ya mkopo inayotaka kusoma namba zote za simu yako, ifute. Tangu kanuni za Benki Kuu za 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni, na hawaruhusiwi kupigia watu wako kukuaibisha. Orodha ya wenye leseni iko kwa Benki Kuu, iangalie kabla hujapakua.

Kama unaogopa umeandikwa CRB, usiogope, angalia. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Nimekutana na vijana wawili waliokataliwa mkopo wa kilimo kwa ajili ya deni la simu lisilofika elfu tatu ambalo walikuwa wamelisahau.

Mkopeshaji yeyote wa maana atataka kuona pesa zako zinavyoingia. Uza kupitia M-Pesa au ushirika, usiuze kila kitu taslimu halafu ushangae taarifa yako iko tupu. Weka daftari: ulipanda lini, ulitumia ngapi, ulivuna kilo ngapi, nani alinunua. Msimu mmoja ulioandikwa vizuri, hata kama ulipata hasara, unasema mengi kuliko barua ya chifu.

Yule kijana wa Kibwezi alimaliza deni lake kwa kufanya kibarua kwenye mashamba ya wengine, karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita alinipigia. Yuko kwenye chama na watu wa boda na mama wawili wa sokoni, wamemkubalia elfu kumi na tano, riba asilimia 2, kulipa mwisho wa Januari. Pampu anakodi kwa siku. Safari hii ni robo ekari tu, na miche iko kitaluni. Aliniuliza kuhusu dawa ya kuzuia ukungu, nikafurahi kweli.

Jumatano nakuwa ofisini wadi mpaka saa saba mchana. Mwenye mkataba wa mkopo ambao hauelewi, uje nao kabla ya kusaini, na uje na kalenda ya shamba lako. Tutahesabu pamoja.